Siku Tatu Mlangoni kwa Baba

Kila mwaka, Agosti kumi na tano, siku ya uhuru wa India, ikikaribia, mwalimu Prabhakar wa shule yetu hunijia na daftari na kalamu mbili, moja ya akiba, kama kwamba maneno yangu yatamaliza wino wa nchi nzima. Anataka hadithi za jela. Mimi humwambia jela alikaa mume wangu, miezi kumi na minane, na picha yake mmeitundika kule shuleni mkaivika shada la maua, nendeni mkaiulize hiyo.

"Na wewe, bibi, hukufungwa?"

Sikufungwa. Mimi nilikaa siku tatu mlangoni kwa baba yangu. Nikishasema hivyo mwalimu hufunga daftari kwa adabu, humaliza chai yake, huyo, anakwenda zake. Mwaka huu sikumngoja. Nimemkalisha mjukuu wangu aandike, na nimemwonya asinirembe.

Ilikuwa mwaka wa thelathini na mbili. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na binti yangu Sharade alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Kijiji chetu kiko kwenye vilima juu ya pwani, na mali yetu ni popoo. Huku mtu akitaka kukuoza bintiye haulizi una nini, anahesabu mipopoo yako kimyakimya akipita njiani. Serikali ya Waingereza nayo ilihesabu, ila yenyewe haikumwoza mtu. Mwaka ule popoo zilioza mitini kwa ugonjwa, na zile zilizopona hazikuwa na bei. Kodi ya ardhi ikabaki palepale.

Wanaume wakakutana hekaluni. Kila mmoja alishika jani la tambuu na popoo kiganjani mbele ya taa, akaapa mambo mawili: hatalipa kodi kwa serikali ya wageni, na atakachonyang'anywa mwenzake hatakinunua mnadani. Kwetu ukishashika tambuu na popoo umekwisha kusema. Hata uchumba hufungwa hivyo, na ukiuvunja, wajukuu zako watasimangwa. Baba yangu, Subraya, alikuwa wa kijiji cha pili, ng'ambo ya vilima viwili, lakini alikuja, na aliapa kwa sauti kuliko wote. Baba alikuwa mtu wa sauti.

Mume wangu alichukuliwa wiki ya kwanza. Wiki ya tatu wakaja kuchukua vitu. Walibeba vyungu vya shaba, wakabeba bembea ya mtoto, wakang'oa na mlango wa mbele, mlango mzima wa mti wa mfenesi. Mama mkwe wangu, Devamma, mwanamke mdogo wa umbo ambaye sijapata kumwona akikimbia hata mvua ikimfukuza, alisimama kwenye lile tundu akawaambia askari, "Mmesahau kizingiti. King'oeni na hicho, mkiweza."

Halafu wakamfungua Chandri.

Chandri alikuwa nyati wetu wa maziwa, nyati wa kufugwa, mweusi tii, na doa jeupe katikati ya paji la uso. Alizaliwa kwa baba. Nilipoolewa, baba alinipa yeye, na siku ya harusi alitembea nyuma ya gari langu la ng'ombe hadi huku, shingoni ana maua mengi kuliko mimi. Walipomvuta siku ile alikaza miguu, akageuza kichwa akanitazama. Sitasema alinitazamaje. Nilijifunika uso kwa pindo la sari.

Mnada wa kwanza ulikuwa Jumatatu, mjini. Jumanne asubuhi tukakuta kijungu cha maziwa kwenye jiwe la kufulia, nyuma ya nyumba, kimefunikwa kwa kipande cha jani la mgomba.

"Ya nani haya, Mama?"

"Mungu ana watu wake," akasema Devamma. "Mpe mtoto, usiulize."

Nikampa. Nyumba nyingine zote zilizonyang'anywa nyati, watoto walikuwa wanakunywa maji ya wali. Nilijua hilo, na sikuuliza. Sharade aliyanywa bila hata kupumzika.

Jumatano akaja jirani yangu, Tungamma. Huyu kwa kawaida huanza kucheka akiwa bado yuko njiani. Siku hiyo alikuja ameinamisha kichwa.

"Mnadani hakuna aliyefungua mdomo," akasema. "Vyungu vyote vimerudi ghalani. Karani alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Mtu mmoja tu ndiye aliyenunua."

"Nani huyo asiye na haya?"

"Naga, usinichukie."

"Sema, wewe!"

"Baba yako. Amemnunua Chandri."

Nilidhani nitambishia, nilidhani nitampiga kofi. Nilikaa chini tu. Tungamma akaendelea taratibu, maana lililobaki lilikuwa baya zaidi. Jumatatu inayofuata mnada ulikuwa wa mashamba yenyewe, na shamba la Tungamma mwenyewe lilikuwa la kwanza kwenye orodha, na letu la nne. Na tayari watu walikuwa wanasema vibarazani: kama Subraya aliyeapa kwa sauti kubwa amemnunua nyati wa mkwewe, mimi nishindwe kununua shamba la jirani kwa nini?

Wanawake tulikuwa na dawa yetu kwa wanunuzi. Kwetu mtu akija akakaa mlangoni pako bila kula, na wewe huli. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo. Ni kwamba wali haupiti kooni huku mwenzako ana njaa hatua tatu kutoka ulipo. Mwenye duka mmoja aliyenunua magunia ya popoo kwenye mnada wa kijiji kingine, wiki iliyotangulia, tulimkalia mlangoni, akadumu siku moja na nusu, halafu akayarudisha magunia huku akitutukana. Lakini yule alikuwa mwenye duka tu.

"Nitakwenda mimi," nikasema.

Devamma alikuwa anachagua mchele. Hakuinua macho. "Sikutumi," akasema. "Mtu hatumwi kwenye mlango wa baba yake."

"Sijasema umenituma, Mama."

"Basi vaa ndala. Njia ina mawe."

Alhamisi asubuhi nikamwacha Sharade mikononi mwake, nikachukua kijiti cha kusokotea uzi na pamba, nikaenda.

Mama alinikuta nimekwisha kaa barazani, mgongo ukutani, kando ya kizingiti. Alitoka mbio na chombo cha maji na kipande cha sukari guru, kama anavyopokewa kila mgeni. "Na jua lote hili! Mtoto umemwacha na nani?" Nilinawa miguu, nikanywa maji. Sukari guru sikuigusa. Mama aliitazama pale kiganjani mwake, kisha akanitazama mimi.

"Hata sukari guru, Naga?"

"Hata sukari guru, Mama."

Akaelewa. Alirudi ndani polepole, mkono bado umekunjuka vilevile.

"Nani huyo?" sauti ya baba ikatoka ndani. "Mbona haingii?"

"Nagaveni. Amekaa."

"Amekaa nini?"

"Amekaa."

Mara baba huyo mlangoni, kifua wazi. "Wewe! Nyumba yangu imekuwa duka sasa? Njoo ndani ule, acha mchezo."

"Mrudishe Chandri, Baba."

"Nimrudishe wapi? Kwako? Kodi bado hamjalipa, watamchukua tena kabla hajamaliza nyasi za kwanza. Akili umeiangusha njiani?"

"Uliapa. Kwa tambuu."

"Niliapa sitanunua mali ya watu. Chandri si mali ya watu! Mimi nimemvuta kutoka tumboni mwa mama yake, mvua inanyesha, mama yako ananishikia mwavuli. Nilikwenda mnadani nihakikishe tu hakuna mtu wetu anayenunua, unasikia? Nihakikishe! Nikamkuta amefungwa kwenye nguzo, na mchinjaji wa mjini anamminya mapaja. Akanijua. Akalia. Wewe ungefanyaje?"

Nikasokota uzi, nao ukakatika.

Adhuhuri mama alimtandikia jani la mgomba, akampakulia wali na mchuzi wa dengu. Kutoka nilipokaa niliuona mkono wake. Alichanganya wali, akafinyanga tonge, akalinyanyua, akalirudisha. Akalinyanyua tena. Mwishowe akainuka, akanawa, na jani pamoja na vyote vilivyokuwemo likapelekwa zizini. Mama naye hakula, kwa sababu kwetu mke hula baada ya mume, na mume hajala. Basi katika nyumba ile mlaji akabaki mmoja, naye ana pembe. Siku zile tatu Chandri alinenepa, nakuambia kweli.

Siku ya pili mama alipika mikate ya fenesi kwa mvuke, ile ya kufungwa kwenye majani, chakula ninachokipenda kuliko vyote duniani. Harufu ikanijia moja kwa moja. Kwa muda wa nusu saa nilimchukia mama yangu mzazi. Baba alijifanya anakwenda shambani kukagua mfereji, akakaa huko saa nzima. Nilidhani amekwenda kula ndizi kwa siri, na nilimwombea iwe kweli. Aliporudi nilimtazama mdomo. Baba akishakula lazima atafune tambuu, mdomo unakuwa mwekundu mpaka kwenye masharubu. Ulikuwa mweupe, umekauka. Hakuwa amekula hata ndizi.

Akakaa barazani, amenipa mgongo.

"Umekonda," akasema, akiuambia mpopoo ulio mbele yake.

"Na wewe pia."

"Mimi nilikuwa nimezidi unene."

Tukacheka, kila mtu upande wake. Halafu nikamwambia, "Jumatatu watauza shamba la Tungamma. Ana watoto wanne, Baba." Akaacha kucheka. Akainuka, akaingia ndani, na mimi nikafurahi kwamba hakugeuka, maana nilikuwa nalia.

Siku ya tatu ndiyo iliyoniachia kovu. Mama alikuwa anatoka jikoni na mtungi, nikamwona anauegemea ukuta, halafu anateleza polepole hadi chini. Mtungi ukapasuka. Niliruka. Mguu wangu mmoja ulikuwa hewani juu ya kizingiti, nami nilijua vizuri kwamba ukitua ndani tu, nimeingia, nimekuwa binti aliyekuja kutembea, na yote yamekwisha. Nilisimama hivyo kwa mguu mmoja. Kisha nikaurudisha nje. Baba ndiye aliyembeba. Mama yangu ameanguka hatua sita kutoka nilipo, na mimi nikarudisha mguu. Watu wakitoa hotuba za uhuru mimi huukumbuka mguu ule, na sijaweza kujisamehe.

Jioni mama alikuja akakaa upande wa pili wa kizingiti, uso wake umekuwa wa majivu. Tulikaa kama zamani akinisuka nywele, ila katikati yetu kulikuwa na ule mti wa kizingiti.

"Nikuulize," akasema. "Sharade anakunywa maziwa ya nani?"

Nikamtazama.

"Kila alfajiri baba yako anakamua, mimi navuka vilima viwili na kijungu, naweka kwenye jiwe. Hata ulipokuwa umekaa hapa nimepita mlango wa nyuma usinione. Mjukuu wangu anywe maji ya wali nami nina nyati? Baba yako hakumnunua Chandri kwa ajili ya kiburi, mwanangu."

"Mama mkwe anajua?"

"Tangu siku ya kwanza. Alinikuta pale jiweni. Tukashikana tukalia, halafu akakipokea kijungu."

Devamma! Devamma aliyewaambia askari wang'oe kizingiti. Nikaukumbuka mchele aliokuwa anauchagua bila kuinua macho.

Sasa elewa nilipokuwa. Siku tatu nilikuwa nailaani mikono ya mtu huku mtoto wangu anakunywa kutoka mikono hiyohiyo. Ningeweza kuinuka. Nani angenilaumu? Lakini watoto wanne wa Tungamma walikuwa wanakunywa maji ya wali tangu wiki ya tatu, na mama yao hakuwa na baba wa kumnunulia nyati.

"Kesho usipeleke, Mama," nikasema. "Atakunywa wanachokunywa wenzake."

"Ni mtoto mchanga, Naga!"

"Najua. Mimi ndiye niliyemzaa."

"Wewe ni jiwe."

"Mimi ni mtoto wa Subraya."

Nyuma ya ukuta kitu kilisogea. Sikujua kama baba alikuwa amesimama pale muda wote.

Jumapili, jua linachomoza, nilisikia kamba ikiburutwa. Baba alikuja kutoka zizini na Chandri, amevaa kilemba cha sherehe, kile cha harusi yangu.

"Inuka," akasema. "Nishike mkono. Siwezi kumvuta nyati na kuivuta njaa peke yangu."

Tukaenda, tukipepesuka wote wawili, na nyati mwenye shibe katikati yetu. Mama alikuja nyuma kwa mwendo wake. Baba hakupita njia ya mashambani. Alipita barabarani, katikati ya kijiji chake, kisha katikati ya kijiji chetu, na kila penye watu alisimama. "Mtazameni vizuri!" alisema kwa sauti ileile aliyoapia. "Mimi Subraya nilishika tambuu nikavunja kiapo. Huyu hapa namrudisha. Msije mkasema hamkuniona!" Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja aliyempita umri alivua kilemba chake.

Devamma alikuwa amesimama kwenye tundu la mlango, Sharade kiunoni. Alimletea baba maji na sukari guru. Baba akala, na nilipoona taya lake linatafuna, nikanyoosha mikono nikampokea Sharade.

Kesho yake kwenye mnada wa mashamba, karani alipiga kengele mara tatu kwa kila shamba. Mtu mmoja alikohoa na umati mzima ukamgeukia, maskini, akaapa kwa watoto wake kwamba ni mafua. Hakuna aliyenunua. Shamba la Tungamma lilibaki bila mnunuzi, na letu vilevile, na wajukuu zetu wanachuma popoo humo hadi leo.

Alhamisi askari wakarudi wakamchukua Chandri. Kodi ilikuwa bado, kama baba alivyosema. Safari hii walimshusha barabara ya pwani, wakamuuza huko mbali ambako hakuna mtu aliyeapa. Alikaza miguu kama mara ya kwanza. Sharade alikunywa maji ya wali mpaka masika yakaisha, akawa mbavu tupu, na kila alipolia nilisikia sauti ya mama ikiniita jiwe. Alipona. Sasa yeye mwenyewe ni nyanya, analalamikia magoti. Lakini baba alijua tangu siku ya kwanza kwamba watamchukua tena, na bado alivaa kilemba akamleta. Na katika maisha yake yote hakuniambia hata mara moja, "Si nilikwambia?" Ningependa angeniambia.

Miaka kumi na mitano baadaye bendera ikapandishwa. Kijijini ngoma, watoto na peremende, mume wangu kwenye jukwaa anahutubia, Devamma amekwisha kuwa kiziwi na anauliza kila dakika kama Waingereza wamekwisha panda meli. Mama yangu alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Nikiwa jikoni nikasikia gongo kwenye mawe. Nilitoka na maji na sukari guru, nikamkuta baba amekaa barazani, mgongo ukutani, kando ya kizingiti. Alikuwa amevuka vilima viwili peke yake, na miaka sabini na mitano mgongoni.

"Karibu ndani, Baba."

"Siingii."

"Basi pokea sukari guru."

"Sili," akasema, amenuna kabisa. "Sili kitu mpaka nirudishiwe nyati wangu."

Nilisimama na chombo mkononi. Halafu nikaona masharubu yanamtetemeka kwa kicheko alichokizuia, nami nikaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio kabla sijakiwahi. Nikakaa pale chini kando yake.

"Sina, Baba. Sina wa kukurudishia."

"Najua huna."

"Sasa tufanyeje?"

"Sasa tukae kidogo."

Tukakaa. Ngoma zilikuwa zinalia upande wa shule. Ndani Devamma alikuwa anapiga kelele kwamba wali unapoa na hao walioko nje wana nini. Baba akanyoosha mkono, akachukua sukari guru kiganjani mwangu, akaivunja vipande viwili, akanirudishia kimoja.

"Kula," akasema. "Hiki ni kile ulichomkatalia mama yako."

Nikala.